Choo ya Boti Imekufa na Kampuni Iliacha Kuitengeneza? Cheki Vile Tulifufua Moja Huko Kilifi

Tarehe 14 Aprili 1945, nyambizi ya Ujerumani iliyoitwa U-1206 ilikuwa chini ya maji karibu na Peterhead, Scotland. Kilichoianzishia balaa kilikuwa choo. Iliflashiwa vibaya, bahari ikaingia na ile paipu, maji ikafika kwa betri zilizokuwa chini, gesi ya klorini ikaanza kutoka. Kapteni hakuwa na njia ingine, akaipandisha juu. Ndege za adui zikaiona, zikashambulia, na mwishowe akaamuru watu waiache. Wanamaji kadhaa wakafa. Choo, maze.

Hii stori niliijua nikiwa nimepiga magoti ndani ya kachumba kadogo kama kabati, kwa yoti ya futi 28, Kilifi Creek, spana mkononi. Mbele yangu kulikuwa na choo ya zamani kuliko mimi. Na kabla hujasema "wueh, hiyo ni shida ya matajiri", ngoja kidogo. Tajiri ndiye anaenda choo. Anayeifungua ni wewe na mimi.

Mimi niliachana na koleji semista ya 4 juu ya fee. Nikashuka Kilifi wiki 2 nipumzike akili, nikapata kazi ya kubebea fundi mmoja wa boti vyombo. Yeye tunamwita Mzee tu. Huyo mzee ameshika boti tangu kabla nizaliwe, na mgongo wake sasa umekataa kuinama. So siku Madam mwenye hiyo yoti alikuja na shida yake, Mzee akaniangalia akasema, "Mwanangu, mimi siingii humo. Wewe ndiwe utakayeingia. Mimi nitakuelekeza nikiwa hapa nje."

Madam alikuwa anataka kushuka Pemba na Tanga kabla kaskazi iishe. Kama hujui, kaskazi ndio ule upepo wa kutoka Desemba hadi kama Machi unaosukuma vyombo kuelekea kusini. Ukiisha, kusi inaingia inakupiga usoni. Ilikuwa Februari. Choo yake ilikuwa inajaa maji yenyewe usiku, na kampuni iliyoitengeneza ilishaacha hiyo modeli kitambo. Kuagiza mpya ng'ambo ni kungoja meli, kodi, na simu za "bado iko njiani". Tulikuwa na kama wiki 3.

Hivi ndio nilijifunza. Shika rada, juu siku moja utaitwa.

Kwanza, hiyo kitu inafanyaje kazi?

Choo ya keja inategemea tangi iko juu na maji inashuka. Boti haina hiyo raha. Mara nyingi choo yenyewe iko chini ya usawa wa bahari, so kila kitu lazima kisukumwe na pampu.

Ile ya mkono iko hivi: kuna silinda kando ya bakuli, na ndani kuna pistoni. Ukivuta na kusukuma mpini, upande wa juu wa pistoni unavuta maji safi ya bahari kupitia paipu nyembamba, kawaida milimita 19, na kuyamwaga kwa bakuli. Upande wa chini unavuta uchafu kutoka kwa bakuli na kuusukuma nje kwa paipu nono ya milimita 38. Kuna swichi ndogo ya kufunga maji safi ili umalize kukausha bakuli.

Halafu kuna vitu 3 vya mpira vinavyozuia kila kitu kisirudi kinyume. Ya kwanza ni kifuniko cha mpira chini ya bakuli. Ya pili ni valvu ya maji safi huko juu. Ya tatu ndio boss wa wote: kimpira chenye mdomo uliopasuka katikati, kwa njia ya kutokea. Wazungu wanakiita joker, mimi nakiita mdomo wa bata juu ndivyo kinafanana. Kinafunguka uchafu ukisukumwa, kinajifunga ukijaribu kurudi.

Mwisho kabisa, kuna tundu 2 kwa mwili wa boti, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Kila moja ina koki yake. Hizo koki ndizo zinakutenganisha na bahari yote ya Hindi.

Usiseme imekufa kabla hujaiskiza

Mzee alinikataza kugusa spana siku ya kwanza. "Muulize choo anaumwa wapi," akasema. Nikadhani ni mzaha. Lakini ukweli ni kwamba kila dalili ina mahali pake:

- Bakuli inajaa maji chafu polepole baada ya kuflashi: mdomo wa bata umechoka ama umeshikwa na uchafu.
- Inajaa maji safi ya bahari yenyewe: maji inajivuta kupitia paipu ya kuingiza. Hiyo ndio huzamisha boti watu wakiwa wamelala.
- Mpini ni mwepesi lakini maji haiji: oringi ya pistoni imeisha, valvu ya juu haifungi, ama koki imefungwa na mtu akasahau. Usicheke, hutokea sana.
- Mpini ni mgumu kama gia ya mat ya zamani: paipu ya kutoa imeziba.
- Maji inadondoka kwa ile fimbo ya mpini: sili ya juu imekatika.
- Choo ni safi lakini inanuka: harufu imeingia kwa paipu zenyewe. Chukua kitambaa, kiloweshe maji moto, sugua paipu, halafu nusa kitambaa. Ikinuka, hiyo paipu ni ya kutupwa.

Ya Madam ilikuwa na dalili ya kwanza na ya nne. Mzee akasema kabla hajaona ndani: "Mdomo na mawe."

Mawe kweli. Mkojo ukikutana na maji ya bahari, chumvi ya kalisiamu inaganda ndani ya paipu. Miaka inaenda, inakuwa gumu kama plasta. Tulipotoa paipu ya milimita 38, tundu lililobaki lilikuwa la kupitisha kidole gumba tu. Tuliipeleka ufuoni tukaichapa kwa mwamba mpaka vipande vikaanza kutoka. Ilikuwa therapi ya bure, nikikumbuka ile barua ya fee.

Asidi: hapa usicheze

Hiyo mawe iliyobaki kwa pampu huyeyuka na asidi. Siki nyeupe inafanya kazi polepole, unaiacha kwa masaa mengi. Dawa za choo zenye asidi zina nguvu zaidi, na hapo vaa glavu, funika macho, fungua madirisha yote.

Na usiwahi, narudia, usiwahi kuchanganya asidi yoyote, hata siki, na Jik. Inatoa gesi ya klorini, sawa tu na ile iliyowatoa wale wasee wa U-1206 chini ya maji. Sasa fikiria uko ndani ya kachumba ka mita moja na mlango umejifunga. Juu ya hiyo, Jik ikikaa sana kwa mipira inaiharibu, so haina faida hapo.

Kuifungua: simu yako ni chombo cha kazi

Kabla ya kila nati, nilipiga picha. Mzee aliniona mjinga hadi siku ya kurudisha, ndio akaanza kuomba "ile picha ya tatu".

Funga koki zote 2 kwanza. Hii ndio sheria ambayo haina mjadala. Na kando ya kila koki lazima kuwe na kizibo cha mbao laini, chenye umbo la karoti, kimefungwa na kamba. Paipu ikiruka, unakipigilia tunduni na nyundo na unabaki hai.

Sasa hapo ndio tulipata shida. Koki ya kuingiza ilifunga. Ya kutoa ilikataa kabisa. Ilikuwa imeshikwa na hayo mawe, na nikitaka kuongeza nguvu nikaskia Mzee kutoka nje: "Wacha! Ukiivunja hapo, tutaogelea sote."

Choo ikawa kazi ndogo. Kazi kubwa ikawa koki. Nitarudi hapo.

Spea hazipo. Sasa?

Ukiskia "hii modeli iliachwa", watu hudhani ni mwisho. Lakini kaa chini uangalie ni nini haswa imeachwa. Bakuli ya kauri haizeeki. Mwili wa pampu, kama haujapasuka, ni sawa. Kinachokufa ni mpira, na mpira hauna jina la kampuni. Mpira una vipimo.

Oringi inajulikana kwa vitu 2: upana wa ndani na unene. Tulipima za zamani kwa kalipa. Zilikuwa zimebonyea, so tukapima pia mfereji zinapokaa. Nikamtumia beshte yangu namba, akaingia duka za spea za Kirinyaga Road, akaziweka kwa basi la usiku. Asubuhi zilikuwa Kilifi. Mwenye duka alidhani ni za injini ya lori. Hatukumwambia.

Gasketi za bapa tulikata wenyewe kutoka kwa shiti ya mpira wa nitraili, ule hauogopi mafuta. Unaweka ya zamani juu, unachora na kalamu, unakata na wembe. Kile kifuniko cha chini ya bakuli kilikuwa na kauzito ka shaba. Tukakatoa tukakahamishia kwa mpira mpya.

Mdomo wa bata tulinunua wa choo ya kampuni ingine inayouzwa bado, ya paipu ya milimita 38. Kingo zake zilikuwa kubwa kidogo, tukazipunguza na makasi. Ukaingia kama ulizaliwa hapo.

Mambo 2 ya kukumbuka ukirudisha. Moja, paka grisi ya silikoni kwa pistoni na oringi. Grisi ya gari inaweza kufurisha aina zingine za mpira. Mbili, usikaze boliti kama unafunga tairi. Plastiki na kauri hupasuka, na hapo ndio utajua maana ya "haitengenezwi tena".

Lini uachane nayo ununue mpya

Kuna siku sentimenti hazisaidii. Kama silinda imepasuka, kama pistoni imekwaruza ukuta wake mpaka kucha inaskia mfereji, ama kama gharama ya vipande imekaribia pampu mpya, achana nayo. Lakini hata hapo una njia kadhaa:

*Badilisha pampu pekee.* Kampuni kama Jabsco huuza pampu nzima bila bakuli. Kama bakuli yako inaweza kukubali boliti zake, umeokoa nusu ya kazi.

*Badilisha choo yote.* Kabla ulipe, pima: umbali wa tundu za boliti sakafuni, saizi za paipu, upande pampu inakaa, nafasi ya mpini kupanda na kushuka, na upana wa mlango. Kata kadibodi yenye umbo la choo mpya, ikalishe hapo, halafu ukae juu yake na ufunge mlango. Unaona magoti yako iko wapi? Sawa.

*Lavac.* Hii ni muundo wa Uingereza, na ni akili safi. Kifuniko chake kinaziba kabisa. Pampu ya ngozi ya mpira ikivuta uchafu nje, ombwe linalobaki linavuta maji safi ndani lenyewe. Kwa bakuli hakuna pistoni wala valvu ya kuharibika.

*Ya umeme.* Unabonyeza tu. Lakini inakula betri, inahitaji nyaya nene, na inapiga kelele kila mtu ajue umeamka.

*Choo kavu.* Inatenganisha mkojo na kinyesi, haina paipu wala tundu baharini. Kama umewahi kuingia choo za Fresh Life huko Mukuru, unajua wazo lenyewe. Teknolojia ya mtaa na ya yoti zinakutana hapo, na kwa boti ndogo inakuondolea hatari ya kuzama kupitia choo.

Siku ya bamvua

Sasa turudi kwa ile koki. Ukiwa majini huwezi kutoa koki iliyo chini ya usawa wa bahari. Lazima boti itoke. Kuivuta kwa mashine ni pesa. Lakini Pwani tuna mashine ya bure: bamvua. Siku hizo za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Kenya hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yoti ya Madam ilikuwa na mikuku 2 chini, so tuliileta ufuoni maji ikiwa imejaa, tukangoja ikipwa, na ikasimama kwa mchanga yenyewe kama meza.

Mzee alihesabu tuna kama saa 4. "Maji hayamsubiri mtu wa Nairobi," akaniambia.

Nililala chini ya boti, nikaoshwa na matope, nikafika kwa koki na spana kubwa. Nikazungusha. Ilivunjika mkononi kama biskuti. Ndani, chuma haikuwa ya njano, ilikuwa na rangi ya waridi. Mzee alichungulia akanyamaza kidogo. Halafu akaeleza: mtu wa zamani aliweka koki ya nyumba, ya shaba ya kawaida ya hadiwea. Hiyo shaba ina zinki ndani, na maji ya bahari hula zinki polepole. Kinachobaki kinaonekana kizima lakini hakina nguvu. Chini ya maji unaweka bronzi, ama plastiki maalum ya boti. Geti valvu ya hadiwea ni ya tangi la ploti, si ya bahari.

Kama ningeongeza nguvu ile siku tukiwa majini, hii stori ungeiskia kwa mtu mwingine.

Kile kipande kinachopita kwa mwili wa boti kilikuwa bronzi, kizima. Madam alikuwa na koki mpya ya bronzi kwa boksi lake la spea. Swali likawa thredi. Boti za Uingereza hutumia BSP, za Marekani hutumia NPT, na hizo 2 zinaweza kushikana raundi kadhaa zikukudanganye. Yake ilikuwa BSP, kama paipu zetu za hadiwea. Nikasafisha, nikapiga tepu ya thredi, nikakaza. Halafu paipu mpya, na klipu 2 za chuma isiyoshika kutu kila mwisho.

Paipu ya kutoa tukaipandisha juu ya usawa wa bahari, ikapinda kama shingo ya twiga, na pale juu tukaweka kivalvu kidogo kinachoingiza hewa. Hiyo hewa ndio inakata maji isijivute kurudi ndani. Kwa upande wa kuingiza, shingo kama hiyo inakaa kati ya pampu na bakuli. Ukiiweka kabla ya pampu, pampu itavuta hewa badala ya maji.

Maji ikarudi. Niliingia ndani na tochi, nikazungushia koki tishu kavu. Tishu haidanganyi: hata tone moja linaonekana. Bahari ilipanda mpaka usawa wa tundu, ikapita. Dakika 10, kavu. Dakika 20, kona moja ikaloa. Moyo ukashuka. Nikafunga koki, nikakaza robo raundi, nikabadilisha tishu, nikafungua tena. Kavu. Boti ikainuka kutoka kwa mchanga na mimi nikiwa bado nimeshika ile spana.

Vile itakaa bila kukuita tena

Wanamaji wana sheria moja: usiweke kwa choo kitu ambacho hukukula kwanza, isipokuwa tishu kidogo. Waipu, pedi, vichungi vya sigara, hapana.

Flashi ya kutosha. Paipu ya milimita 38 inabeba zaidi kidogo ya lita 1 kwa kila mita. Kama paipu yako ni mita 3, ukipampu mara 5 ukaenda, uchafu umekaa njiani, na hapo ndio mawe huzaliwa. Mara moja moja mwaga siki ikae usiku. Na ukitoka kwa boti, ama ukilala, funga koki.

Sasa ile ngumu. Hii kitu inamwaga wapi? Sheria ya kimataifa ya MARPOL inataka meli kubwa zimwage uchafu usiotibiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Inagusa meli za tani 400 kwenda juu ama zinazobeba watu zaidi ya 15, so yoti ndogo inaponyoka. Lakini Kilifi Creek watoto wanaogelea na watu wanavua samaki wa kula jioni hiyo hiyo. Mzee alimwambia Madam kwa heshima: "Mama, humu mwetu usimwage." Akakubali. Tuliongeza tangi dogo la kuhifadhi na valvu ya kuchagua njia, na anafungulia akiwa mbali huko nje.

Aliondoka wiki ya kwanza ya Machi, kaskazi ikiwa bado inapumua. Kabla ang'oe nanga alinilipa, halafu akampa Mzee namba za yoti zingine 2 zilizolala Mtwapa. Zote choo. Mzee akanipatia ile karatasi bila kuiangalia.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia kesho yake asubuhi nikibeba boksi.

"Marahaba. Umebeba tishu?"

Nilikuwa nimebeba roli 2.